Vidole Vitatu vya Kwadi ya Njeri

Nyinyi vijana mnaofungua simu kabla ya kufungua boneti, mnanisumbua kila siku: Mzee Mutiso, tuambie siri ya kazi. Siri gani? Nilikaa Kabiro, hapa Kawangware, miaka zaidi ya thelathini chini ya mabati ya gereji niliyokodi kwa Mzee Gathogo, na siri sikuiona hata siku moja. Niliona makosa. Mengi yalikuwa ya wateja, mengine ya barabara, na moja kubwa lilikuwa langu. Hilo ndilo nitawaambia, kwa sababu nimestaafu na sina tena mteja wa kunikimbia.

Kwanza mjue mteja wa Kawangware alikuwa akisema nini akiingia kwa mlango. Hakusema habari ya asubuhi. Alisema, "Fundi, niinulie." Matuta yetu mnayajua, mitaro mnaijua, yale mawe kanjo, watu wa jiji, wanamwaga na kusahau kusawazisha mnayajua. Kwa hivyo nilikuwa nainua. Gari la mboga, tuktuk, pikipiki ya kubeba mitungi ya gesi, yote niliweka vyuma vya kuongeza urefu chini ya springi na yakaondoka yametunisha kifua. Nilikuwa bingwa, sifichi. Ungeniletea kitanda ningekiinua.

Sasa Mzee Gathogo, mwenye ploti, alikuwa na kitinda mimba wake anaitwa Njeri. Msichana wa miaka ishirini na tatu, mwembamba, mbishi, anacheka kwa sauti kama mtu anaita kondakta. Baba yake alitaka asimamie duka lao la mbao. Yeye alitaka mbio. Alinunua kwadi, ile pikipiki ya magurudumu manne, kutoka kwa bwana mmoja aliyekuwa akibeba watoto nayo siku za sikukuu, akaileta kwangu ikiwa imechoka kabisa, kiti kimefungwa na mpira wa tyubu.

"Fundi, niaje. Hii nataka iende flat track."

"Hiyo ni barabara gani?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanionyesha kwa simu. Ni uwanja wa udongo uliokandamizwa, tambarare kama meza, umechorwa mviringo. Hakuna kuruka, hakuna mashimo. Mnaanza wote pamoja, mnazunguka kushoto, kushoto, kushoto mpaka bendera. Na kwenye kona huwezi kugeuza hendobari tu kama unaenda kununua maziwa. Unaiachilia nyuma iteleze kwenda nje, unashika gesi, mafuta hupunguzi, na mashine inazunguka kwa ubavu. Nikaangalia hiyo video nikasema, huyu mtoto ana wazimu, na wazimu wake ni mzuri.

Nikaitengeneza injini mpaka ikaimba. Nikabadilisha mnyororo, breki, bearing za magurudumu. Halafu, kwa mapenzi tu, kwa sababu ni mtoto wa mwenye ploti na nilimjua tangu akitambaa, nikamwongezea zawadi ambayo hakuomba. Nikaiinua vidole vitatu. Sikumwambia. Mkono ulienda wenyewe, mnaelewa? Mkono uliozoea kuinua hauulizi mashine inaenda wapi.

Alienda mbio zake za kwanza, nje ya mji. Kona ya pili, kwadi ilinyanyua upande wa kushoto, ikasimama kwa magurudumu mawili, ikampindukia. Mfupa wa bega ukavunjika.

Nilimtembelea hospitalini na mfuko wa machungwa. Amefungwa mkono, amevimba jicho, na bado anataka kuniambia kila kitu. "Fundi, nafikiri niliweka gesi mapema. Ama nililalia upande mbaya. Ni mimi, najua ni mimi." Na mimi nikamenya chungwa. Nilimenya machungwa matatu siku hiyo nisimwangalie usoni. Kwa sababu nilikuwa nimeiona ile kwadi ilivyorudi kwa pikapu, na nilijua imesimama juu kama ngamia.

Mzee Gathogo alikuja gereji na kofia yake na fimbo yake. Ni mtu wa sauti ndogo, na hiyo ndiyo mbaya, kwa sababu lazima usogee umsikie. "Mutiso, huyu msichana hajui kuendesha. Nimempa mara moja tu nyingine, kwa sababu mama yake amelia. Hiyo kitu ikipinduka tena, naikatakata iende kwa chuma mzee, na yeye anaingia kwa duka la mbao. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Hayo tu. Hapo ndipo ningesema, "Mzee, ni mimi niliinua." Maneno manne. Hayakutoka.

Sasa mnajua kilichokuwa mezani: msichana anayejiona mjinga, mara moja tu iliyobaki, na fundi mwoga.

Njeri alikuwa amesoma kwamba tairi za huo mchezo hukatwa mifereji midogo kwa kisu maalum cha moto, na kisu chenyewe hakuna dukani. Mimi nikakumbuka kwamba kuna watu Nairobi wamekata tairi maisha yao yote. Nikabeba tairi ya nyuma ya kulia begani, nikapanda boda mpaka Kianda, kule Kibera karibu na Olympic, nikaanza kuuliza mkataji wa akala, vile viatu vya tairi. Wote walinionyesha mtu mmoja.

Mzee Kimeu alikuwa ameketi kwa kigoda chake kando ya njia, mguu mmoja juu ya mwingine, anachonga ndala ya tairi na kisu kilichonolewa mpaka kimebaki chembamba kama kidole. Ni wa Kitui, mimi ni wa Machakos, kwa hivyo tulisalimiana Kikamba na tukatukanana kidogo kuhusu nani ana mvua. Kabla hata sijaweka mzigo chini, alikuwa ameangalia miguu yangu.

"Hii kiatu yako imeisha kisigino, upande wa nje, ya kulia. Goti inakusumbua."

Nikashangaa. Goti lilinisumbua tangu zamani, kwa kupiga magoti chini ya magari.

"Mtu akiniletea kiatu kuukuu," akasema, "yeye mwenyewe hana haja ya kuongea."

Halafu akachukua tairi. Wee! Natamani mngemwona. Hakuiangalia kwanza, alifumba macho. Akapitisha kidole gumba kuizunguka yote, polepole, kama mama anatafuta joto kwa paji la mtoto. Akarudia. Akafungua macho akaniuliza ni nani aliyekuwa anaendesha. Nikamwambia ni msichana fulani, alianguka, hajui sana.

"Nani amesema hajui?"

Akanishika kidole changu akakiweka kwa mpira. "Sikia hapa. Mikwaruzo yote imelala upande mmoja, haikatiki. Huyu alikuwa anateleza na ameshika gesi sawasawa, hajayumba. Mtu akiogopa anakanyaga breki, tairi inasimama, inalika mahali pamoja, inaweka bapa. Tafuta bapa."

Nikatafuta. Hakuna bapa.

"Sasa njoo hapa kwa ubavu." Kulikuwa na mahali pamoja pamechubuka vibaya, nje kabisa, pale ambapo tairi haifai kugusa chini. "Hapa ndipo ilikunjika chini ya rimu. Mashine ilikuwa juu sana. Huyu msichana anajua. Ilimwangusha." Akachukua kisu chake, akaendelea kuchonga ndala. Kisha, bila kuinua kichwa, "Nani aliinua?"

Nikageuka kuangalia njia. Boda zilipita tatu, nne.

"Haya," akasema Kimeu. Hakuniuliza tena, siku hiyo wala siku nyingine. Vijana, nimefanya kazi na mafundi wenye vyeti vya kila rangi, na sijakutana na mwingine aliyenipa heshima kama huyo mzee, ya kuniachia jambo langu nilibebe mwenyewe.

Alikubali kuja Kabiro. Alikuja kila asubuhi kwa miguu na mfuko wake wa visu, wiki tatu, na mahali pa malipo alitaka chai ya maziwa na muthokoi ya mke wangu, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Na sasa ndiyo nitawaambia kazi yenyewe, chukueni kalamu kama bado mnajua kuitumia.

Cha kwanza, tuliishusha. Nilitoa vile vyuma vyangu vya kuinua, nikavitupa kwa debe ili Njeri asivione, halafu nikakata springi na kuzikaza, mpaka tumbo la kwadi likabaki karibu na ardhi kiasi cha ngumi moja na nusu. Uwanja ni tambarare, mnataka kuruka nini? Ikiwa chini, haina sababu ya kupinduka. Nikaikalia nikairukisha, ikakataa kuyumba. Roho iliniuma kwa raha na kwa aibu pamoja.

Cha pili, tuliipanua. Mikono ya mbele inayoshika magurudumu nilichomelea mipya, mirefu kwa kiganja kizima, na nyuma nikaweka ekseli pana. Nilichomelea mara tatu. Mara mbili za kwanza nilipima kwa jicho, na Njeri akaja na futi ya fundi wa nguo, mkono mmoja bado kwa kitambaa, akakuta upande mmoja umezidi. "Fundi, hii inaenda Ngong na hii inaenda Westlands." Nikakata nikaanza upya.

Cha tatu ndicho kilinichanganya. Njeri alisema tairi ya nyuma ya kulia lazima iwe kubwa kuliko ya kushoto. Nikakataa kabisa. Maisha yangu yote nimeambia watu kwamba tairi mbili za ekseli moja ni mapacha. Tulibishana mpaka majirani wakasimama. Kimeu alikuwa anakunywa chai kwa kikombe cha plastiki, kile kipana mdomoni na chembamba chini. Akaimaliza, akakikung'uta, akakilaza kwa meza ya kazi na kukisukuma kwa kidole. Kikombe hakikwenda mbele. Kilizunguka, kikarudi kikagusa mkono wake.

"Mdomo ni tairi ya kulia," akasema. "Mashine itataka kwenda kushoto yenyewe. Msichana atakuwa anasaidia tu."

Ala! Nilikisukuma kile kikombe mara kumi kama mtoto wa nasari. Njeri akanipiga picha.

Na bado mkono wangu haukusikia. Asubuhi moja nilifika kabla yao, nikaona kwadi imeinama kidogo upande mmoja, nikasikitika, nikaleta mashine ya upepo nikaijaza ile ya kushoto mpaka zikalingana vizuri. Nikasimama nikapendezwa. Kimeu akaingia, akapiga tairi teke moja, akaniangalia. Akaenda kuleta kikombe, akakiweka juu ya kiti cha kwadi. Nikatoa upepo.

Kuhusu kukata tairi, siwezi kuwafundisha. Niliangalia tu. Yale meno marefu ya tairi ya kwadi hukamata udongo na kuisimamisha mashine ghafla, na hapo ndipo inapinduka, kwa hivyo Kimeu aliyafupisha yote, jino baada ya jino, usawa mmoja. Kisha akachora mifereji myembamba pembeni, kila mmoja na kina cha ukucha, ili mpira ulale na kushika udongo mgumu bila kuung'ang'ania. Hakupima na kitu chochote. Nilipopima baadaye kwa siri, nilikuta imelingana yote. Yote! Nilivua kofia nikiwa peke yangu gerejini.

Mwisho tuliweka ile kamba ya mkononi inayozima injini mwendeshaji akidondoka. Msiisahau hiyo hata mkisahau jina langu.

Siku ya mbio, bega la Njeri likiwa limepona, tulienda watu wanne: Njeri, Kimeu, mimi, na Mzee Gathogo kwa koti lake la kanisa, kwa sababu alitaka kuona mwenyewe. Kila mtu angekimbia mara mbili. Mashine zilijipanga, nyingine zinameta, za watu wenye magari ya kubebea vipuri. Yetu ilikuwa na kiti cha mpira wa tyubu. Bendera ikaanguka.

Na Njeri akawa wa mwisho.

Haikupinduka, hapana. Ilikaa chini vizuri kama ng'ombe aliyeshiba. Lakini kila akifika kona aliachilia gesi. Kona ya kwanza, akaachilia. Ya pili, akaachilia. Wengine wanapita kwa ubavu, vumbi limewafunika, yeye anageuza hendobari kama anaenda kununua maziwa. Mzee Gathogo alitikisa kichwa. "Niliwaambia. Huyu msichana hajui."

Njeri alirudi, akavua helmeti, na macho yalikuwa mekundu. "Nikifika kona naona ile siku. Nitaipindua tena. Mimi ndiye shida, si kwadi."

Nikashika spana. Niliuliza kama tuongeze upepo, kama tukaze springi, kama tubadilishe nini sijui. Nilikuwa nazunguka ile kwadi kama kuku. Kimeu alikuwa ameketi juu ya tairi ya akiba. Akasema kwa Kikamba, ili wengine wasielewe, kwamba mashine iko sawa na kilichobaki hakifunguliwi kwa spana.

Nilijua anasema nini. Nilikuwa nimekijua wiki hizo zote.

Nikaweka spana chini. "Njeri," nikasema. "Ile siku hukukosea. Mimi niliinua kwadi vidole vitatu. Hukuniomba, sikukuambia. Mzee Kimeu aliona kwa tairi kwamba ulikuwa unateleza vizuri. Mashine yangu ndiyo ilikuangusha. Mimi nilikuja hospitalini nikakumenyea machungwa na nikanyamaza."

Mzee Gathogo aligeuka. Nilisikia fimbo yake ikizama kwa udongo. Nikangoja anifukuze kwa ploti hapo hapo, na ningeenda.

Njeri hakukasirika kwanza. Alibaki ameshika helmeti, anafungua na kufunga kamba yake. "Kumbe si mimi," akasema. Akarudia, sasa ananiangalia. "Fundi. Kumbe si mimi!" Halafu akanipiga kifuani kwa ile helmeti, si kidogo, nilikaa na alama wiki mbili. Akaivaa, akapanda.

Vijana, nimeona mengi mazuri katika kazi hii. Nimesikia injini iliyokufa miaka sita ikikohoa na kuamka. Hakuna kilichonishika roho kama kona ya kwanza ya ile mbio ya pili. Msichana hakuachilia. Alifika, akalala ndani, nyuma ikafunguka kwenda nje, gesi imeshikwa, na kwadi ikazunguka kushoto kama kikombe cha Kimeu juu ya meza. Upande wa kushoto ukanyanyuka kidogo. Nilifumba macho. Nilipofungua ulikuwa umerudi chini na amewapita wawili. Nilipiga kelele mpaka goti likasahau kuuma. Alimaliza wa tatu, na kama kungekuwa na mzunguko mmoja zaidi, haki ya Mungu, angemla wa pili.

Kwadi ilirudi ikifuka joto na vumbi. Sikuthubutu kumwangalia Mzee Gathogo. Kimeu akainuka, akapiga magoti kando ya tairi ya nyuma ya kulia, akafumba macho, akaizungusha na kidole gumba. Kisha akamwita mwenye ploti.

"Mzee, njoo ushike hapa."

Yule mtu akapiga magoti kwa udongo na koti lake la kanisa. Kimeu akamshika kidole, kama alivyonishika mimi, akakipeleka kuzunguka tairi yote, taratibu, mpaka kikarudi kilikoanzia.

"Umepata mahali pamelika? Mahali aliogopa?"

Mzee Gathogo akazungusha tena, peke yake sasa. Alichukua muda. "Hakuna," akasema.

Akainuka, magoti yote mekundu kwa udongo, hakuyapangusa. Alimwangalia binti yake aliyekuwa anacheka na kulia ndani ya helmeti, na kwa mara ya kwanza tangu niijue hiyo kwadi, hakumwita "huyu msichana."

"Njeri," akasema, kwa ile sauti yake ndogo, mpaka ikabidi sisi wote tusogee. "Zile mbio zingine ni lini?"